SOMO LA MWEZI HUU: KUPIGA KURA KWA KOMPYUTA

Ndugu Wanachama,

Penye nafasi chache na watu wengi, maneno hayakosekani. Tuseme chama chapeleka wanachama wilaya ya Bagamoyo, wakajifunze kwa wakulima wa mananasi wa Kiwangwa. Watavuka kwa boti hadi Dar es Salaam, kisha watapanda gari kupitia Bunju na Mapinga. Gari lachukua watu 12, na walioomba ni 60. Nani aende, nani abaki?

Wazee wetu wangeandika namba katika vijikaratasi, wakavitia kikapuni. Siku hizi orodha ya wanachama imo katika jedwali la Excel, na kura yaweza kupigwa humo humo. Lakini yataka uangalifu.

Njia isiyofaa

Wengi huandika =RANDBETWEEN(1,60) katika visanduku 12, wakadhani kazi imekwisha. Fomula hii hutoa namba yo yote tangu 1 hadi 60, lakini kisanduku kimoja hakijui mwenzake ametoa nini. Ni sawasawa na kuchota kijikaratasi, kukisoma, kisha kukirudisha kikapuni. Tumepiga hesabu: ukichota namba 12 hivyo katika 60, basi kiasi cha mara 69 katika kila 100 utapata namba iliyojirudia. Mtu mmoja apewe viti viwili? La, haiwezekani. Na kura ikirudiwa mara kwa mara, kila marudio huzaa shaka.

Njia iliyo sawa

Tusitafute namba mpya, tuzichanganye zilizopo.

1. Safu ya A, tangu A2 hadi A61, andika namba za kadi za waombaji 60, kila moja mara moja tu. Safu ya B andika majina.

2. Katika C2 andika =RAND(), kisha ivute mpaka C61. Kila mtu atapata desimali iliyo kati ya 0 na 1.

3. Nakili safu ya C, uibandike papo hapo thamani peke yake, bila fomula. Usipofanya hivyo, desimali zitabadilika kila jedwali linapokokotoa upya.

4. Chagua safu zote tatu pamoja, uzipange kwa safu ya C, kutoka ndogo hadi kubwa. Ukiipanga C peke yake, majina yatabaki palepale yalipokuwa, na hapo hapana kura.

5. Watu 12 wa kwanza ndio wasafiri. Wa 13 na kuendelea ni akiba, kwa zamu yao.

Hapa namba haiwezi kujirudia, kwa kuwa kila kadi imo mara moja tu; kilichobadilika ni mpangilio. Wenye Excel ya 2021 au ya baadaye waweza kuandika =SORTBY(A2:A61,RANDARRAY(60)) na kupata kadi zilizochanganywa mara moja. Hiyo nayo ibandikwe thamani peke yake.

Mambo mawili ya kuangalia

Kwanza, tazameni kadi, si majina. Visiwani kwetu akina Juma Ali ni wengi. Ukifuta jina kwa kuwa limeonekana mara mbili, huenda umemdhulumu mtu aliye hai. Na mtu mmoja akiandikwa kwa majina mawili, amejipatia kura mbili. Kadi ndiyo itakayoamua.

Pili, mkono. Ukibonyeza F9, jedwali hukokotoa upya. Mwenye nia mbaya aweza kubonyeza mpaka amwone shemeji yake juu. Kompyuta haina jamaa, lakini kidole kinachobonyeza kina jamaa. Kwa hiyo yafaa tupatane kabla: kura ipigwe mara moja, mbele ya wanachama, orodha ichapwe papo hapo, mashahidi watie sahihi, nayo ibandikwe ubaoni.

Zoezi

Andikeni majina ya watoto 10 wa mtaani, mchague 3 kwa njia hii. Asiye na kompyuta atumie kikapu, asirudishe kijikaratasi alichokwisha kuchota. Hesabu ni ile ile, na haki ni ile ile.

Katibu wenu