Kuguswa na Muziki, Kisha Kutoa: Somo Kutoka Matamasha ya Kuwasaidia Waathirika wa Vita



Hapa Kihonda, kama katika parokia nyingi nchini, kwaya huzindua albamu, mgeni rasmi hualikwa na harambee hufanyika. Mara nyingi fedha huenda kwenye vyombo vya muziki, sare au ujenzi. Je, muziki huohuo unaweza kuwahudumia waliokimbia vita? Na mtu akiguswa na wimbo, je, tayari amekuwa na huruma? Tujifunze kutoka matamasha mawili, walimu wawili wa Kanisa na sheria ya Kanisa lenyewe.

Matamasha mawili

Tarehe 8 Desemba 1813, katika Chuo Kikuu cha Vienna, Ludwig van Beethoven aliongoza tamasha la kuwachangia askari wa Austria na Bavaria waliojeruhiwa katika mapigano ya Hanau, mwezi Oktoba mwaka huo. Hapo ndipo Simfonia yake ya Saba iliposikika hadharani kwa mara ya kwanza. Sehemu yake ya pili iliwagusa watu hata wakataka irudiwe. Siku hizo hapakuwa na njia ya kurekodi. Aliyetaka kusikia ilimbidi afike, na aliyefika aliwajua anaowachangia.

Tarehe 14 Machi 2022, siku 18 tu baada ya uvamizi wa Urusi nchini Ukraine, jumba la Metropolitan Opera la New York lilifanya tamasha la kuwasaidia Waukraine. Wimbo wa taifa lao uliimbwa, na kati ya waimbaji alikuwapo kijana Vladyslav Buialskyi, mzaliwa wa mji wa Berdyansk. Kwaya iliimba pia "Va, pensiero" ya Verdi, maombolezo ya Waebrania walio utumwani, ambayo msomaji wa Zaburi ya 137 huyatambua mara moja. Tamasha lilirushwa redioni moja kwa moja, na likarekodiwa. Kwa njia ya rekodi, hata aliye Kihonda anaweza kulisikiliza. Lakini anaweza pia kusikiliza, akatokwa machozi, akazima simu na kulala.

Onyo la Mtakatifu Augustino

Katika kitabu cha tatu cha Maungamo, Augustino anakumbuka alivyopenda michezo ya kuigiza huko Karthago. Anashangaa kwamba mtazamaji hufurahia kuhuzunika. Anayeteseka jukwaani hamwombi mtazamaji msaada. Anamtaka ahuzunike tu, na kadiri anavyohuzunika ndivyo anavyousifu mchezo. Hiyo ni huruma isiyo na kazi.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anatusogeza mbele. Kwake, huruma ni kuumia moyoni kwa taabu ya mwingine kiasi cha kusukumwa kumsaidia tukiweza. Nayo sadaka ni tendo la upendo linalopitia huruma hiyo. Lakini anaonya kwamba mtu anaweza kutoa mali bila upendo. Hivyo anayenunua tiketi kwa ajili ya burudani tu amelipa bei ya burudani. Fedha yake itamlisha mwenye njaa, na hilo ni jema, ila yeye mwenyewe bado anaalikwa kupiga hatua ya pili.

Basi tamasha la msaada linajibu onyo la Augustino kwa sababu anayeteseka si mwigizaji, na mlango wa kumsaidia uko wazi. Rekodi inaweza kuufunga mlango huo tena, kwa kuwa msikilizaji yuko mbali na tukio. Kwa hiyo rekodi ya namna hii inapaswa kumwambia msikilizaji inamsaidia nani na kwa njia gani.

Kwetu sisi

Vita haviko mbali nasi. Mwishoni mwa Januari 2025 mji wa Goma ulitekwa na kundi la M23, na watu wengi walikimbia. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, imewapokea Wakongo tangu 1996. Wengi wao husali kwa Kiswahili hikihiki tunachosali sisi. Kwaya zetu zikiamua kuwaimbia na kuwachangia, tuzingatie mambo matatu.

Kwanza, mahali. Maelekezo ya Idara ya Ibada ya Vatikano ya mwaka 1987 yanataka tamasha likifanyika kanisani liwe na idhini ya askofu, muziki wake uwe mtakatifu au wa kidini, kiingilio kiwe bure kwa wote, na waimbaji wasikae patakatifu. Kama tunataka kuuza tiketi, tutumie ukumbi.

Pili, uaminifu. Kanuni ya 1267 inasema kwamba kilichotolewa na waamini kwa kusudi fulani kitumike kwa kusudi hilo tu. Fedha ya wakimbizi hainunui kinanda. Tutangaze mapema kama tutatoa mauzo yote ya albamu au kinachobaki baada ya gharama za studio, kisha tusome hesabu mbele ya waamini.

Tatu, majina. Katika harambee tumezoea kutaja kwa kipaza sauti nani katoa kiasi gani. Yesu katika Mathayo sura ya 6 anatutaka tusitoe ili tuonekane. Kapu likipita kimyakimya, mama aliye na shilingi 500 atatoa bila aibu, na mwenye milioni atatoa bila kupigiwa makofi.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya

1. Ni wimbo gani uliowahi kutugusa, na ulituongoza kumtendea nani nini?
2. Albamu ijayo ya kwaya yetu inaweza kutenga nini kwa ajili ya waliokimbia vita?
3. Nani atasoma hesabu, na siku gani?