Sanduku la Droo Tatu kwa Mbao Zilizokwisha Kutumika

Buseresere na Katoro, miji iliyopakana kwenye mpaka wa wilaya za Chato na Geita, haina uhaba wa mbao kuukuu. Nyumba hubomolewa, vibanda vya biashara huhamishwa, na machimbo yanapoachwa, mbao zake huingia mitaani. Bei yake ni nafuu na nyingi zimekwisha kukauka vema. Kwa sanduku la kuhifadhia hati, nyuzi au vito zinafaa kabisa, mradi ijulikane zilikotoka.

Swali hilo liulizwe kabla ya bei. Mbao iliyokaa kwenye mwalo wa kuchenjulia dhahabu huweza kuwa imenyonya zebaki. Zebaki hutoa mvuke hata bila moto, mvuke usioonekana wala kunuka, nao hudhuru ubongo na figo; watoto na wajawazito ndio walio hatarini zaidi. Vanishi haiiondoi. Ni madhara hayo yaliyozaa Mkataba wa Minamata, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Mbao ya mwaloni, au iliyozunguka mabwawa ya sianidi, usiichukue hata ukipewa bure. Muuzaji asiyejua mbao yake ilikotoka huenda anasema kweli, lakini mnunuzi hana sababu ya kubahatisha.

Nguzo zenye ukijani uliopenya ndani huenda zimetiwa dawa yenye aseniki, nazo ziache. Paleti zilizovuka mipaka ya nchi hubeba muhuri: HT ni mbao iliyotibiwa kwa joto, MB ni iliyofukizwa kwa gesi ya bromidi ya methili. Chagua HT.

Ng'oa misumari yote, kisha pitisha sumaku, maana msumari mmoja uliofichika huharibu meno ya randa. Ziweke mbao chini ya paa kwa majuma mawili hivi. Randa ukiwa nje, ukivaa barakoa, kwani hata vumbi la mbao safi hudhuru mapafu.

Tuchukue sanduku la upana wa sentimita 30 na kimo cha 24, kwa mbao za unene wa sentimita 2. Rafu mbili za sentimita 1 zitaacha nafasi tatu za sentimita 6 kila moja, zenye upana wa 26 kwa ndani. Droo isijaze nafasi yake: kimo 5.8, upana 25.7. Mbao hufura wakati wa mvua, na droo iliyobana Agosti haitafunguka kabisa Aprili. Hakikisha pembe kwa guniya kabla gundi haijashika.

Kwa pambo, tungeacha matundu ya misumari na weusi wa kutu vionekane. Huvutia kuliko nakshi ya haraka. Piga msasa, kisha vanishi.

Vipande vyenye rangi ya zamani visipelekwe jikoni kuwa kuni. Rangi hizo huweza kuwa na risasi, nayo hutoka pamoja na moshi na kubaki katika majivu.