Seva Inavyopokea Data kutoka Tovuti Nyingine

Tuchukulie kwamba wanafunzi wa Bugwema, wilayani Musoma, hupima mvua kila asubuhi na kujaza vipimo katika ukurasa wa tovuti ya shule yao. Programu ndogo ya ukurasa huo hupeleka vipimo, kwa muundo wa JSON, katika seva ya wilaya. Mtandao upo na seva i hai, lakini kivinjari kinakataa. Kwa nini?

Kivinjari hutambua asili ya ukurasa kwa mambo matatu: itifaki, jina la seva na namba ya lango. Likitofautiana hata moja, asili ni mbili. Tangu miaka ya 1990, vivinjari huzuia programu ya asili moja isisome majibu ya asili nyingine, ili ukurasa wa mlaghai usichungulie, kwa mfano, akaunti yako ya benki.

Kwa hiyo kivinjari kwanza hubisha hodi kwa ombi la OPTIONS. Seva yapasa kujibu kwa vichwa viwili:

Access-Control-Allow-Origin: asili ya tovuti ya shule
Access-Control-Allow-Headers: Content-Type

Ndipo data hupelekwa kwa POST. Jibu lake nalo sharti libebe kichwa cha kwanza, ama sivyo programu haitaweza kulisoma.

Tahadhari: ruhusa hii haiilindi seva, maana programu zisizo vivinjari haziifuati. Seva na ihakiki mpelekaji na vipimo vyenyewe, kwani kipimo cha uongo humpotosha mkulima.

Zoezi: Tovuti ya shule ikihama kutoka http kwenda https, ni kichwa kipi kibadilishwe? Eleza sababu.