Keria ya Baiskeli Nyuma ya Gari: Vidokezo 10 kwa Wanaoelekea Garissa na Mbele Yake

Shule zikifungwa au Idi ikikaribia, magari hutoka Eastleigh na South C kushika barabara ya Thika kuelekea Garissa yakiwa yamejaa pomoni. Watoto hawataki kuacha baiskeli. Ndani hakuna nafasi, na paa limeshachukuliwa na magodoro na masanduku. Inabaki nyuma: keria inayofungwa kwenye tobaa, ile kulabu ya chuma ya kuvutia trela. Faida zake si haba. Huhitaji kunyanyua baiskeli juu ya kichwa, na upepo hauli mafuta kama baiskeli zikiwa juu ya paa.

Tatizo ni kwamba keria nyingi zilibuniwa kwa barabara laini za Ulaya. Nairobi hadi Garissa, takriban kilomita 370, ni lami. Ukiupita mji kwenda Ijara, Modogashe, Wajir au Mandera, kuna lami, changarawe na mchanga, na hali hubadilika msimu hadi msimu. Basi nunua keria kwa ajili ya kipande kibaya zaidi cha safari yako. Kile kizuri kitajipitia chenyewe.

1. Anza na gari, keria baadaye

Magari yetu mengi ni ya mtumba kutoka Japani, na machache hufika yakiwa na tobaa. Itabidi ufungiwe. Probox na Fielder hazina chesisi ya peke yake kama Hilux au Land Cruiser, kwa hivyo tobaa yake lazima ikazwe kwa bolti kwenye vyuma imara vya bodi, chini ya buti. Fundi akikwambia ataichomelea kwenye bampa, mshukuru kwa muda wake na uondoke. Ukipata anayejua kazi, mwombe akuonyeshe bolti zote kabla hajarudisha bampa.

Wenye Land Cruiser za kazi nao waangalie vizuri: baadhi zina kulabu ya pini, isiyo na kile kichwa cha mviringo. Keria ya kubana kichwa haitapata pa kushika hapo. Kichwa cha kawaida kina kipenyo cha milimita 50. Pima kwanza, ulipe baadaye.

2. Piga hesabu ya uzito kwa kalamu

Tobaa ina vipimo viwili. Kile kikubwa, cha trela inayovutwa, hakikuhusu leo. Kinachokuhusu ni uzito unaoruhusiwa kukandamiza kichwa kutoka juu. Kwenye tobaa za kiwandani hicho huandikwa kwenye kibandiko cha chuma, mara nyingi kando ya herufi S, na kwa magari madogo huwa kati ya kilo 50 na 100. Kitabu cha gari nacho huwa na kiwango chake. Vikitofautiana, fuata kilicho kidogo.

Tuseme chako ni kilo 75. Keria yenyewe ina kilo 18, umebaki na 57. Baiskeli tatu za mlima za kilo 15 kila moja ni 45, zinaingia. Lakini baiskeli tatu nzito za Black Mamba, za kilo 22 kila moja, ni 66, na hapo umepitiliza hata kabla ya kutoka getini. Baiskeli za umeme pia nyingi huzidi kilo 20. Toa betri uiweke ndani ya gari.

Hesabu hiyo ni ya lami. Gari likiruka shimo, kilo 50 hugonga tobaa kwa nguvu ya mzigo mkubwa zaidi. Ndiyo maana baadhi ya watengenezaji hupunguza uzito unaoruhusiwa kwenye barabara mbovu, na wengine hukataza kabisa keria yao kutoka nje ya lami. Soma kijitabu. Kwa safari ya kupita Garissa, baiskeli mbili zinatosha, na iliyo nzito ikae karibu na gari.

3. Zisimame au zining'inie?

Kuna keria ya kuning'iniza, yenye mikono miwili inayoshika bomba la juu la baiskeli. Ni nyepesi, hukunjika, na bei yake ni nafuu. Ila baiskeli hubembea, pedali ya moja ikachimba rangi ya nyingine, na baiskeli za watoto au za kike zisizo na bomba la juu lililonyooka hazikai vizuri mpaka ununue kipande cha kuziwekea bomba la bandia.

Kisha kuna keria ya jukwaa: magurudumu yanasimama kwenye mfereji na kufungwa kwa mikanda, na mkono mmoja unashika fremu. Ni nzito na ghali, lakini huhimili mtikisiko vizuri zaidi na hupokea baiskeli za kila aina. Kama safari yako inaishia Garissa mjini na unabeba baiskeli moja au mbili nyepesi, ya kuning'iniza itakufaa. Ukienda mbele zaidi, lipia jukwaa.

4. Shimo la mraba hushinda kichwa cha mviringo

Kama tobaa bado hujafunga, una nafasi ya kuchagua. Badala ya kichwa cha mviringo, unaweza kufungiwa shimo la mraba la inchi 2, ambamo mkono wa keria huingizwa na kufungwa kwa pini. Keria inayobana kichwa hutegemea nguvu ya kubana tu. Kwenye mawimbi ya changarawe, yale yanayotetemesha gari mpaka meno, inaweza kuanza kuzunguka upande mmoja. Ya shimo la mraba haina pa kuzunguka. Hakikisha tu ina bolti ya kuondoa ulegevu ndani ya shimo, la sivyo itagonga njia nzima.

Ukikaa na kichwa cha mviringo, kiwe kikavu na safi. Grisi ni ya trela. Hapa itafanya keria iteleze. Na kwa vyovyote vile, ongeza mkanda wa akiba kutoka kwenye fremu za baiskeli hadi kwenye sehemu imara ya gari.

5. Mlango wa nyuma lazima ufunguke

Huku Kaskazini Mashariki mlango wa nyuma hauna mapumziko. Maji yako humo, jeki iko humo, na askari kwenye vizuizi wanaweza kutaka kuona kilichomo. Katika daraja la Tana, unapoingia Garissa, ukaguzi wa vitambulisho ni jambo la kawaida. Kushusha baiskeli tatu kila unapoambiwa ufungue buti kutamaliza subira ya kila mtu, ikiwemo ya askari.

Tafuta keria inayolala nyuma ukikanyaga kikanyagio chake, baiskeli zikiwa bado juu yake. Jaribu dukani, kwa gari lako mwenyewe. Prado ni kesi maalumu: mlango wa nyingi hufunguka kwa kando, na baadhi hubeba spea mlangoni. Hapo kulala pekee huenda kusitoshe. Unahitaji keria yenye mkono mrefu, au ile inayofunguka kwa kando kama lango. Kumbuka kwamba mkono mrefu huongeza mzigo kwenye tobaa, kwa hivyo rudi kwenye hesabu ya kidokezo cha pili.

6. Nambari na taa zionekane

Sheria ya Trafiki ya Kenya inataka nambari ya gari ionekane mbele na nyuma. Baiskeli mbili zinatosha kuificha, pamoja na taa za breki na indiketa. Usiende mtaani kuchongesha nambari ya tatu. Nambari hutolewa kupitia NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, na ya kughushi itakuletea kesi. Chagua keria inayoacha nambari ya gari wazi, na kama hakuna inayofaa gari lako, waulize NTSA kabla ya kusafiri.

Kwa taa, keria nzuri za jukwaa huja na zake, zikiunganishwa kwa waya kwenye soketi ya tobaa. Kuna soketi za pini 7 na za pini 13. Zisipolingana, kuna kiunganishi kidogo cha kuzipatanisha, kinunue mapema. Kisha mwambie mtu asimame nyuma wakati unakanyaga breki na kuwasha indiketa zote mbili.

7. Fikiria laga na mathenge

Laga, ile mito mikavu inayokata barabara, ina kingo. Gari likipanda upande wa pili, mkia hushuka. Ukiongeza keria nyuma, mkia umekuwa mrefu na ndio utakaochimba mchanga. Chagua inayokaa juu, na magurudumu ya baiskeli yasining'inie chini ya bampa.

Upana nao una adabu yake. Mathenge, mti ulioletwa nchini miaka ya 1970 na 1980 kupambana na jangwa, sasa umezikaba njia nyingi za kando, na miba yake haina huruma. Baiskeli isizidi upana wa vioo vya pembeni. Geuza usukani wa baiskeli uelekee sambamba na fremu ukihitaji kupunguza upana.

Msimu wa mvua, swali la keria huja la pili. Mafuriko ya mwisho wa 2023 yalikata barabara ya Garissa upande wa Madogo, na ya Aprili 2024 yakarudia. Piga simu uulize njia kabla ya kupakia.

8. Joto, vumbi na ekzosi

Garissa iko mita 150 hivi tu juu ya usawa wa bahari, na jua la Februari na Machi hupitisha nyuzi 35 bila jitihada. Mikanda ya plastiki hukauka na kukatika. Nunua keria ambayo mikanda yake inapatikana kama spea, na ubebe miwili ya ziada. Keria ya mtumba ichunguzwe hapo kwanza: mikanda, nati na meno ya kubana.

Angalia pia ekzosi inatokea wapi. Moshi wenye joto kali ukipiga tairi la baiskeli kwa saa tano, tairi halitafika. Sentimita chache za kusogeza gurudumu zinatosha. Vumbi nalo huzunguka nyuma ya gari na kutua kwenye mnyororo. Usipake mafuta mengi kabla ya kuondoka, maana yatageuka matope. Safari ikiisha, futa kwa kitambaa kikavu ndipo upake.

9. Simama ukague

Kaza kila kitu nyumbani, kaza tena Thika, kisha Mwingi, ambapo umefika karibu nusu ya njia na chai ni lazima. Shika baiskeli ya mwisho uitikise kwa nguvu: gari lote litikisike nayo. Ikitikisika peke yake, kuna nati imelegea. Kwenye changarawe, kagua kila unaposimama, na punguza mwendo kabla ya matuta ya kila kituo.

Ondoka alfajiri. Magharibi isikukute njiani, na kama unakwenda mbele ya Garissa, waulize wenyeji na polisi hali ya usalama ya siku hiyo. Usiku, gari na baiskeli zilale ndani ya ua. Kufuli ya keria huzuia mkono mwepesi, si mwizi mwenye tupa.

10. Wakati mwingine usinunue

Kama baiskeli zinasafiri mara moja kwa mwaka, piga hesabu upya. Tobaa, ufundi, keria na waya wa taa ni pesa nyingi kwa safari moja ya kwenda na kurudi. Mabasi ya Eastleigh hubeba mizigo hadi Garissa, baiskeli zikiwemo. Geuza usukani, toa pedali, funga fremu kwa katoni, andika jina na nambari ya simu ya mpokeaji, na uchukue risiti. Pesa utakazookoa zinunue tyubu na viraka. Mathenge itahakikisha hazikai bure.