Fundi akimaliza, nani afagie?

*Fundi aliyetumwa na mwenye nyumba amebadilisha bomba la bafuni, kaniachia vipande vya vigae na saruji. Mimi nimepanga tu. Usafi ni wangu?*
*Mpangaji, Tabata*

Pole, ndugu. Taka za kazi ni za fundi. Vumbi la kufuta kwa kitambaa, hilo kubali. Ugomvi huanza pale bei inapopatanwa bila kutaja usafi. Piga picha leo, mtumie mwenye nyumba, mwombe amrudishe fundi kabla hajammalizia hela yake. Saruji usiimwage chooni: itaganda humo, na fundi utamwita tena. Ikikuingia jichoni, osha kwa maji mengi safi, kisha wahi hospitali. Mwenye nyumba akikaa kimya, nenda serikali ya mtaa na mkataba wako na zile picha.