Kitambi na Uimara wa Mifupa kwa Wanawake Wenye Baridi Yabisi

Katika mji mdogo wa Shelui, wilayani Iramba, kando ya barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega, sehemu kubwa ya kazi ya mwanamke hutegemea mikono: kupalilia mtama na alizeti, kuchota maji, kusonga ugali. Ndiyo maana baridi yabisi, ambayo mara nyingi huanzia katika viungo vidogo vya vidole na viganja, huitikisa kaya nzima. Hata hivyo, madhara yake hayaishii kwenye viungo. Somo hili linaeleza namna ugonjwa huo unavyodhoofisha mifupa, na kwa nini mafuta ya tumboni yasidhaniwe kuwa kinga.

Ugonjwa wenyewe

Si kila maumivu ya viungo ni baridi yabisi, ingawa watu huyaita yote kwa jina hilo. Tunaoukusudia hapa ni ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia utando wa ndani wa viungo. Huwapata wanawake mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Dalili zake kuu ni viungo vya pande zote mbili kuvimba, na ukakamavu wa asubuhi unaoweza kuzidi saa moja.

Mfupa na mafuta

Mfupa hubomolewa na kujengwa upya daima. Viungo vilivyovimba hutoa kemikali ziitwazo saitokini, ambazo huchochea seli zinazobomoa mfupa na kuzizuia zile zinazoujenga. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba unene huilinda mifupa, kwa kuwa uzito huizoeza kubeba mzigo, na mafuta huendelea kutengeneza estrojeni baada ya hedhi kukoma. Kauli hiyo ina ukweli wake, lakini mafuta si ya aina moja. Yale yanayozunguka matumbo hutoa saitokini zilezile zitokazo kwenye viungo vinavyougua. Hivyo mgonjwa mwenye kitambi huweza kuwa na chemchemi mbili za madhara yaleyale.

Mizani haifichui jambo hili. Baridi yabisi hupunguza misuli huku mafuta yakibaki au kuongezeka, na uzito usibadilike. Prednisoloni ikitumiwa muda mrefu huongeza mafuta ya tumboni na pia hupunguza uimara wa mfupa.

Kujipima

Kipimo cha DEXA, kinachoonyesha uzito wa madini katika mfupa, hupatikana katika hospitali chache. Futi ya fundi cherehani, kinyume chake, ipo karibu. Simama wima, toa pumzi kama kawaida, kisha zungusha futi katikati ya ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya nyonga, bila kubana. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, kiuno cha mwanamke kikizidi sentimita 80 hatari ya kisukari na maradhi ya moyo huongezeka, na kikizidi 88 huwa kubwa. Vigezo hivyo havikuwekwa kwa ajili ya mifupa. Mgonjwa wetu avitumie kufuatilia mabadiliko. Kimo kikipungua, mgongo ukipinda, au mfupa ukivunjika kwa kuanguka kidogo, aende hospitali bila kuchelewa.

La kufanya

Kwanza, uvimbe udhibitiwe. Methotreksati humezwa mara moja kwa wiki, kamwe si kila siku, na haifai kwa mjamzito. Prednisoloni isikatishwe ghafla. Daktari ndiye huipunguza hatua kwa hatua.

Pili, chakula. Dagaa waliwao na mifupa yao, maziwa na mboga za majani huleta kalisi na protini. Mafuta ya alizeti, fahari ya Singida, yapimwe kwa kijiko: kijiko kimoja cha mezani kina takriban kalori 120. Kujinyima chakula si dawa, kwani misuli ndiyo itakayopotea.

Tatu, mazoezi. Viungo vikitulia, kuinuka kwenye kiti mara kadhaa bila kujishikiza huimarisha mapaja na kupunguza hatari ya kuanguka.

Wengi wetu tumezoea kukiona kitambi kuwa dalili ya neema. Kwa mama mwenye baridi yabisi, kiwe sababu ya kumwuliza mhudumu wa afya, katika ziara ijayo, kuhusu hali ya mifupa yake.