Yapendwayo na Wenyeji wa Tabora

Mtu atokaye Moshi, ambaye tangu utoto wake ameuona Mlima Kilimanjaro kila mawingu yafunguliwapo, akifika Tabora na kusikia wenyeji wakisema ya kuwa wao hukaa nchi ya juu, hutazama huku na huku asione mlima. Huona nchi tambarare, vilima vichache vya mawe, na msitu uliotandaa mpaka mbingu zinapogusana na nchi. Basi huuliza, "Huko juu ni wapi?" Jibu lake ni kwamba amesimama juu yake. Nchi ya Unyamwezi ni kama meza kubwa iliyoinuliwa, na mji wa Tabora uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Mgeni hakuuona mlima kwa sababu aliupanda polepole, ameketi garini.

Wapagazi wa zamani hawakuupanda wameketi. Waliondoka Bagamoyo, wakapita mabonde yenye homa, wakapanda milima ya Usagara, wakavuka Ugogo, nchi ya jua kali na maji machache, kisha wakaingia pori lililoitwa Mgunda Mkali, ambalo jina lake latosha kueleza hali yake. Mwaka 1871 Henry Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani, aliondoka Bagamoyo mwezi wa Machi akafika Tabora mwezi wa Juni. Miezi mitatu kwa njia ambayo leo gari la moshi huimaliza kwa siku moja hivi! Si ajabu kwamba aliyefika hakuwa na haraka ya kuondoka.

Jambo la kwanza alilolipata msafiri huyo ndilo wenyeji wanalolipenda hata leo, nalo ni hewa. Mchana wa Oktoba jua la Tabora huchoma kama jua la mahali pengine, wala asidanganyike mtu kwa kusikia habari za nchi ya juu. Lakini usiku huwa mwingine. Hewa ya huko juu ni nyepesi na kavu, haishiki joto kwa muda mrefu, na jua likiisha kuchwa joto lapanda juu na kupotea. Katika miezi ya Juni na Julai watu wa Kitete hujifunika blanketi mbili, na asubuhi wazee huota moto uani wakiwa wamejitanda nguo mabegani. Mtoto apitaye huwaamkia, "Mwangaluka!" nao humwitikia kwa salamu ile ile, na mara nyingi humwita akae kidogo apate moto. Watu wa pwani waliozoea kulala wakitoka jasho husema kwamba hawajui usingizi ni kitu gani mpaka walale Tabora usiku mmoja.

Jambo la pili ni chakula, na chakula hiki kina habari ndefu kuliko inavyodhaniwa. Husimuliwa kwamba jina la Tabora limetokana na matobolwa. Haya ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikamenywa, vikakatwa vipande na kuanikwa juani mpaka vikauke kabisa. Vikiisha kukauka huwa vigumu, wala haviozi kwa miezi mingi. Sababu ya kuvikausha ni mvua. Tabora ina masika moja tu kwa mwaka, tangu Novemba mpaka Aprili. Miezi inayobaki ni mikavu. Nchi ya namna hii haimwachi mtu ale kila kitu siku kinapovunwa. Kwa hiyo mama wa Kinyamwezi huanika viazi, huanika majani ya kunde, huanika uyoga uotao msituni mvua zinapoanza, na ghala yake huwa kama mvua ya pili. Tena chakula kikavu ni chepesi. Mpagazi aliyebeba mzigo wa frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, hakuweza kuongeza kikapu cha viazi vibichi, bali kifuko cha matobolwa aliweza. Chakula cha njaa kikawa chakula cha safari, na chakula cha safari kikaupa mji jina.

Kisha kuna miembe. Mwembe si mti wa asili ya Unyamwezi. Asili yake ni Bara Hindi, nao ulifika pwani kwa vyombo vya bahari, ukapanda bara pamoja na misafara. Waarabu na Waswahili waliojenga matembe yao Unyanyembe waliupanda penye visima na kando ya nyumba, pamoja na ndimu na vitunguu. Na mabondeni walilima mpunga. Mingine, husemwa, iliota yenyewe kutokana na kokwa zilizotupwa njiani. Vyovyote ilivyokuwa, miembe ya zamani ni alama ya njia ile. Popote ionekanapo imepangana safu, yafaa mtu afikiri kwamba huenda misafara ilipita hapo. Maembe huiva mvua zinapoanza, na katika siku hizo hapana mtoto wa Tabora asiyekuwa na madoa ya utomvu nguoni mwake.

Walakini kivuli hiki kina jambo ambalo hapana budi lisemwe. Chini yake walipumzika watu wa namna mbili. Wengi walikuwa wapagazi huru, hasa Wanyamwezi, waliobeba pembe za ndovu kwa ujira wa nguo za merikani, shanga na waya wa shaba, na kijana aliyekuwa hajafika pwani hakuhesabiwa kuwa mtu mzima. Watu hao waliijua kazi yao, walikuwa na nyimbo zao na viongozi wao, na wakidhulumiwa ujira waliweza kutua mizigo na kukataa kwenda. Lakini wengine walipita wamefungwa, wametekwa nchi za magharibi, wakipelekwa kuuzwa. Nao hawakuwa na neno la kusema juu ya njia wala mwendo. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku kwa mkataba wa Unguja wa mwaka 1873, ingawa bara iliendelea kwa miaka mingi baada ya hapo. Mwembe haukuuliza ni nani aliyekaa chini yake. Wenyeji wa leo, ambao miongoni mwao wamo wajukuu wa wapagazi na wajukuu wa watumwa, wengine wasijue wao ni wa upande gani, huketi pamoja katika kivuli kile kile wakicheza bao.

Nje kidogo ya mji, huko Kwihara, liko tembe alilokaa David Livingstone. Stanley alimkuta Ujiji mwaka 1871, wakaja pamoja Kwihara mwezi wa Februari 1872. Stanley akarudi pwani mwezi wa Machi, na Livingstone akabaki akingoja wapagazi mpaka tarehe 25 Agosti. Miezi mitano ya kungoja! Mwaka uliofuata alikufa katika nchi iitwayo Zambia siku hizi, na watu wake, Susi na Chuma pamoja na wenzao, wakauchukua mwili wake kwa miguu mpaka Bagamoyo, nao walipita Kwihara. Nyumba hiyo imejengwa upya, na wageni hufika kuitazama. Wengi huja kwa ajili ya jina la Livingstone. Afadhali wangewafikiri pia waliombeba.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na kazi ya upagazi ikafa. Mwaka 1928 ikatoka njia ya pili, ya kwenda Mwanza, na Tabora ikawa njia panda ya gari la moshi kama ilivyokuwa njia panda ya miguu. Shule zake pia zilivuta watu kutoka mbali. Julius Nyerere, mtoto wa Butiama, alisoma hapo tangu 1937, akarudi kufundisha mwaka 1946.

Lakini wenyeji wakiulizwa kitu kimoja wanachokipenda kuliko vyote, wengi hujibu: asali. Msitu unaouzunguka mji ni wa miyombo, mininga na mitundu, na miti hii huchanua maua mengi yenye utamu. Mrina asali hutundika mizinga yake juu ya miti, mbali na nyumba, naye huenda kurina usiku, akiwa na mwenge utoao moshi, kwa kuwa usiku nyuki hawaoni vema na moshi huwatuliza. Hukata masega yaliyojaa, na mengine huyaacha. Asiyeacha kitu, mwaka ujao hukuta mzinga mtupu, maana nyuki waliokosa chakula wakati wa kiangazi huhama.

Mzinga wa zamani uliotengenezwa kwa gome una hasara yake. Gome huzungushwa kisu juu na chini, likabanduliwa zima kama mkono wa kanzu. Chakula cha mti hutengenezwa majanini na kushuka mpaka mizizini kwa njia ya gome. Gome likiondolewa pande zote, mizizi hufa njaa, na mti hukauka. Hivyo kila mzinga wa gome umegharimu mti mmoja wa maua. Mzinga wa gogo lililochongwa hudumu zaidi, na mzinga wa mbao zaidi tena. Katika chuo cha ufugaji nyuki kilichoko Tabora wanafunzi hufundishwa kutumia mizinga ya mbao.

Hasara iliyo kubwa kuliko hiyo ni moto wa tumbaku. Mkulima wa tumbaku hukausha majani yake katika mabani, yaani vibanda vyenye moto, kwa siku kadhaa usiku na mchana, na kuni zake hutoka katika msitu ule ule wa nyuki. Fedha ya tumbaku huja kwa mara moja, nayo imelipa ada za watoto wengi. Wala mkulima huyo si adui wa mtu. Asali huleta fedha kidogo kidogo, kila mwaka, maadamu miti imesimama. Katika nyumba nyingi za Unyamwezi baba hulima tumbaku na mjomba hurina asali, na shauri la mti gani ukatwe na upi uachwe huamuliwa na watu waliokula sahani moja.

Mwezi wa Septemba, wakati nchi imekauka kabisa na hakuna hata tone la mvua, miyombo huchipua. Majani yake machanga si ya kijani, bali ni mekundu kama shaba, na msitu mzima huonekana kana kwamba umeshika moto. Ndipo mrina asali wa Kitete hushusha mizinga yake ya akiba kutoka darini, huifuta vumbi, huipaka nta kidogo mlangoni ili nyuki wavutwe na harufu yake, na kuipakia juu ya baiskeli.